Kasa hainuki karatasini: kutatua matatizo ya programu za kupaka rangi darasani

"Mwalimu, njoo utazame, vishikwambi vyako vimekufa."

Ujumbe huo huupata karibu kila wiki kutoka kwa walimu wenzangu wa madarasa ya chini hapa Lamu. Nikienda huvikuta vishikwambi vizima, vimeshiba chaji, havina neno. Kilichokufa mara nyingi ni karatasi. Malalamiko nimekuwa nikiyaandika kwenye daftari tangu tulipoanza kutumia programu hizi, na kwa kuwa yanajirudia nimeyapanga hapa kwa dalili: unachokiona wewe, kisha sababu zake, ile inayotokea sana ikitangulia. Kila mahali nimeanza na lisilohitaji kugusa mipangilio. Palipoandikwa "simama", simama kweli.

Kwa asiyezijua: mtoto hupaka rangi ukurasa uliochapishwa maalumu, unauelekezea kamera, na kasa au roketi inainuka juu ya karatasi ikiwa imevaa rangi zile zile alizopaka. Vitabuni huitwa uhalisia ulioongezewa. Watoto wetu wanasema "picha zinaamka", nami nimewafuata wao. Inayojulikana sana mashuleni ni Quiver, iliyoanzia New Zealand kwa jina la colAR Mix. Mwaka 2015 watafiti wa Disney pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha ETH Zurich walichapisha njia yao ya kufanya jambo hilo hilo, hata kwa ukurasa wa kitabu uliopinda. Programu nyingi tunazotumia shuleni hazijafika huko. Karatasi ikipinda, zinasusa.

Shika jambo moja tu: programu haimjui kasa. Inachokijua ni mistari myeusi iliyochapishwa, pembe zake na pale inapokatana. Ikiona ya kutosha inatambua huu ni ukurasa upi na umelala vipi, halafu inazibandua rangi na kulivisha umbo. Mistari ikifutika, au mwanga ukiimeza, programu inakodoa tu kama mzee aliyesahau miwani nyumbani.

Kwanza tafuta shahidi

Chapisha ukurasa mmoja upya, kwa printa nzuri, usipakwe rangi kabisa. Utie ndani ya faili ngumu usikunjike. Huyo ndiye shahidi, na hatoki ofisini ila siku ya kesi. Karatasi ya plastiki usimfunge nayo wakati wa kumjaribu, kwa sababu plastiki inang'aa.

Tatizo likitokea, mlaze shahidi mezani karibu na dirisha, umwelekezee kile kishikwambi kinacholalamikiwa. Umbo likiinuka, kishikwambi hakina kosa; mkosa ni karatasi ya mtoto au mahali alipokaa. Lisipoinuka, jaribu shahidi huyo huyo kwa kishikwambi kingine. Cha pili kikimtambua, basi cha kwanza ndicho kigonjwa. Vyote vikimkataa, kosa liko kwenye programu yenyewe au kwenye mwanga wa chumba.

Jaribio hili halichukui dakika mbili. Nimeona mwalimu akifuta programu na kuipakua upya mara tatu, bando limekwisha, na kumbe vile vikaratasi vyake vilikuwa nakala ya nakala ya nakala.

Dalili: kamera inafunguka, ukurasa unaonekana, hakuna kinachoinuka

Hii peke yake ni zaidi ya nusu ya daftari langu.

Sababu ya kwanza ni fotokopi. Shule ina ukurasa mmoja halisi, unapelekwa dukani Usita wa Mui, zinatolewa nakala arubaini. Muhula ujao ule wa halisi umepotea, inanakiliwa nakala. Mistari inakuwa kijivu, mahali pengine inakatika, na pembeni kunatokea vidoa vyeusi ambavyo programu haijawahi kuviona. Mwanadamu anaona kasa bila shida. Kamera haioni. Hifadhi faili ya ukurasa kwenye simu au fleshi, uchapishe kutoka hapo kila mara. Fotokopi ikiwa haikwepeki, nakili kutoka kwa chapa ya kwanza tu, na umwombe mwenye mashine aondoe ile hali ya kubana wino.

Pili, ukubwa. Kurasa nyingine zimetengenezwa kwa karatasi ya Marekani, yenye upana wa milimita 216. A4 yetu ina 210. Ukichapisha bila kupunguza, kingo za kushoto na kulia zinakatwa, na mara nyingi fremu au alama za pembeni ndizo zinazokatwa. Kwenye dirisha la kuchapisha chagua ukurasa upunguzwe utoshee karatasi. Usichague kuuvuta ujaze karatasi nzima: kasa aliyerefushwa kama mkunga wa baharini si kasa tena machoni pa programu.

Tatu, umbali na pembe. Watoto husogeza kishikwambi mpaka kinakaribia kulamba karatasi. Ukurasa wote, na pembe zake nne, lazima uonekane ndani ya skrini. Anza ukiwa juu yake moja kwa moja, kiasi cha mkono mmoja, ndipo usogee polepole. Umbo likishainuka unaweza kulizunguka.

Nne, mwanga, nao unakosea kwa njia mbili. Darasa lenye dirisha dogo upande mmoja huwa na giza upande wa pili, na watoto kumi wakiinamia meza moja wanaongeza kivuli chao. Ukitoka nje saa sita mchana, jua linaifanya karatasi nyeupe imeremete mpaka mistari inapotea. Pazuri ni barazani, kivulini, penye mwanga wa kutosha usiopiga moja kwa moja. Krayoni za nta nazo zinang'aa, hasa mtoto akiwa amekandamiza. Ukiona doa jeupe la mwako kwenye skrini, geuza meza, usiongeze taa.

Tano, rangi yenyewe imefunika mistari. Mtoto mmoja wa Gredi ya 3 aliniletea ukurasa wa kasa, karatasi yote nyeusi tii, kutoka pembe hadi pembe, ncha ya krayoni ikiwa imekwisha na vidole vyake vyeusi mpaka kwenye vifundo. Katikati, kasa mwenyewe alikuwa kijani safi, amepakwa kwa uangalifu, magamba yake moja moja. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona umepaka mpaka nje ya fremu?" Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Ni usiku, mwalimu. Kasa hutaga usiku." Sikuwa na la kujibu, kwa maana ni kweli. Programu ilikataa katakata. Nilimpa ukurasa wa pili, nikamwomba usiku wake uishie ndani ya fremu na mistari minene iachwe ionekane. Ule wa kwanza niliubandika ukutani. Tangu siku hiyo huchapisha nakala chache za ziada kwa kila somo, na kabla watoto hawajashika rangi huwaonyesha kwa kidole: huu mstari mnene ni ukuta, rangi haipandi ukuta. Krayoni nyeusi haihitaji kupigwa marufuku. Waambie tu isipite juu ya mistari.

Sita, kioo cha kamera. Baada ya mapumziko ya saa nne, vidole vina mafuta ya mahamri. Puliza kwanza, kwa sababu chembe ya mchanga ikiburuzwa hukwaruza kioo, halafu pangusa kwa kitambaa laini cha pamba. Spirti na dawa za kunawia mikono ziache.

Saba, si ukurasa wa programu hiyo. Ukurasa wa programu moja hauamki kwa nyingine, hata picha zikifanana vipi, na mchoro ulioigwa kwa mkono hauamki popote. Kurasa nyingine pia zinahitaji kifurushi chake kipakuliwe kwanza. Hilo nimelieleza mbele kidogo.

Karatasi iliyopinda inajulikana kwa macho. Hewa yetu ina unyevu, na karatasi iliyolala kabatini wiki mbili hutoka na mawimbi. Zilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito. Asubuhi zikiwa bado zimejikunja, bandika pembe nne mezani kwa gundi ya karatasi.

Dalili: skrini nyeusi, kamera haifunguki

Tazama kwanza kasha la kishikwambi. Usicheke. Makasha ya mpira yakishachoka huteleza, na tundu lake haliko tena juu ya kamera.

Kasha likiwa sawa, sababu ya kawaida ni ruhusa. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza huuliza iruhusiwe kutumia kamera, na mtoto aliyekishika wakati huo alibonyeza popote palipo karibu na kidole chake. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, tafuta jina lake, kisha ruhusa, uwashe kamera. Ikiwa mnataka kuhifadhi picha za kazi za watoto, ruhusu hifadhi pia. Mahali ulipo, majina ya simu na maikrofoni si kazi ya programu ya kupaka rangi. Ikiomba na wewe huoni sababu, kataa, kisha uone kama inaendelea kufanya kazi. Nyingi huendelea.

Na hapo hapo pana jambo la sheria. Picha ya umbo likiwa juu ya karatasi haina tatizo. Picha yenye uso wa mtoto ni habari yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwa sababu tu imependeza. Zungumza na mwalimu mkuu kwanza.

Ruhusa ikiwa ipo na giza halijaondoka, huenda programu nyingine imeishikilia kamera. Funga zote, zima kishikwambi, washa. Kisha fungua kamera ya kawaida, ile ya kupigia picha. Ikiwa nayo ni nyeusi, simama: kamera yenyewe au waya wake wa ndani una hitilafu, na hilo ni la fundi. Usifungue kifuniko cha nyuma kwa kisu cha jikoni, hasa kifaa kikiwa bado kina dhamana, kwani dhamana huisha siku hiyo.

Dalili: umbo linainuka jeupe, au rangi si zake

Umbo jeupe kabisa mara nyingi maana yake ni kwamba programu iliuchukua ukurasa kabla haujapakwa, na bado inashikilia picha ile ya zamani. Rudi nyuma, ondoa kamera kwenye karatasi, elekeza upya. Penseli za rangi zilizopakwa kwa mkono mwepesi pia hutoka kama maji ya mchele. Mwambie mtoto arudie juu yake, au ahamie krayoni.

Umbo likiwa na giza upande mmoja, angalia kivuli. Programu haijui kivuli ni nini, inakichukua kama rangi. Niliwahi kumwona samaki mwenye kipara cheusi kichwani, na kipara kile kilikuwa kichwa cha mwalimu.

Rangi zikielemea manjano, tatizo ni balbu. Zikielemea buluu, mwanga unatoka mlangoni peke yake. Kwa somo la ubunifu haidhuru. Ila mkiwa kwenye somo la rangi zenyewe, wekundu na uchungwa na vinavyochanganyika, basi hamieni barazani. La sivyo utamfundisha mtoto kwamba alichokipaka chekundu ni cha machungwa, naye atakuamini wewe kuliko macho yake.

Dalili: umbo linatetemeka, linaruka, linapotea na kurudi

Upepo. Miezi ya kaskazi na ya kusi, darasa lenye madirisha wazi karatasi hazitulii, na karatasi ikiinua ukingo mmoja umbo linainua mguu mmoja. Weka mawe madogo pembeni, nje ya fremu.

Meza inayocheza ni ya pili, mkono wa mtoto unaokatiza mbele ya kamera ni wa tatu. Watoto wanataka kumshika kasa. Wanaupeleka mkono, unafunika mistari, kasa anatoweka, wanapiga kelele, wanaondoa mkono, anarudi. Huo si ubovu. Waache wafanye mara mbili tatu, halafu waulize kwa nini anatoweka. Nimepata majibu mazuri ya sayansi hapo kuliko kwenye somo lenyewe.

Karatasi ikiwa imetulia na umbo bado linaelea mbali na ukurasa kila unaposogea, huenda kishikwambi hakina kihisi cha mzunguko, yaani kile kinachokiambia kimegeuzwa upande gani. Vya bei ya chini vingi hawajakitia. Hapo hakuna mpangilio wa kuponya: kiegemeze kwenye vitabu kikae kimoja, mtoto asogeze karatasi badala ya kishikwambi.

Dalili: inaganda, inajifunga, kifaa kinapata joto kali

Programu hizi zinawasha kamera, zinachora umbo na kutoa sauti, yote kwa pamoja, na skrini ikiwa imeng'aa. Ni kazi nzito. Apple wenyewe huandika kwamba simu na vishikwambi vyao vitumike penye joto la hewa kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Sasa lichukue darasa letu la mabati mwezi wa Machi, saa nane mchana, watoto arubaini na tano ndani. Kikiganda hapo si kiburi, kinajikinga.

Somo hili liwekeni asubuhi. Ondoeni makasha mazito. Msitumie kifaa kikiwa kwenye chaji, kwa sababu chaji nayo huongeza joto. Punguzeni mwangaza wa skrini, fungeni programu nyingine, na kila kikundi kikimaliza kifaa kipumzike kivulini dakika tano. Kwenye friji msikitie, wala msikipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi: umande utaingia ndani.

Kinapoganda hata kikiwa baridi, tazama hifadhi. Acha angalau gigabaiti 1 iwe wazi. Utashangaa ni video ngapi za taarabu na harusi zimo kwenye kishikwambi cha shule. Kisha sasisha programu, na mwisho kabisa ifute na kuipakua upya, ukijua kwamba vifurushi vya kurasa navyo vitafutika na utavipakua tena. Kukirudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani si hatua ya mwalimu wa darasa. Hufuta kazi zote za watoto, na kama ni kifaa kilichofungwa na msimamizi kinaweza kukuomba nywila usiyokuwa nayo.

Simama mara moja ukiona haya: skrini imeinuka upande mmoja kama mkate uliofura, kifuniko cha nyuma hakikai, kifaa ni moto hata kikiwa kimezimwa, au kuna harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha. Hiyo ni betri iliyovimba. Usiichaji, usiibonyeze irudi mahali pake, usiitoboe, na usiache mtoto aishike. Zima, weka mahali pakavu penye sakafu ya saruji mbali na karatasi, umwite fundi wa vifaa hivyo. Ikianza kutoa moshi, watoe watoto nje kwanza.

Dalili: jana ilifanya kazi, leo inaomba intaneti au pesa

Intaneti kwanza. Programu nyingi hupakua umbo la ukurasa mara ya kwanza unapousoma, wakati mwingine kupitia ile alama ya mraba ya QR iliyochapishwa pembeni. Likishapakuliwa, hutumika bila intaneti. Kwa hiyo jana ulitumia ukurasa wa kasa, uliopo, na leo umeleta wa volkano, ambao haujawahi kushuka kwenye kifaa. Jioni kabla ya somo, washa hotspoti ya simu yako, usome kila ukurasa utakaoutumia kwa kila kishikwambi, kimoja kimoja. Ni kazi ya nusu saa. Kisha zima intaneti, jaribu tena zote. Wakati wa somo vishikwambi vinane vikigombania bando moja, hakuna kitakachofunguka, na watoto watakuwa wamesimama juu ya viti.

Kuhusu pesa: kurasa nyingine ni za bure na nyingine za kulipia, na kurasa za kulipia zinaweza kuchapishika bure kwa kuwa karatasi si kitu, umbo ndilo linalouzwa. Kabla ya kuchapisha arubaini, jaribu mmoja. Na kwenye duka la programu weka nywila kwa kila ununuzi. Mtoto wa miaka saba hajui tofauti ya kitufe cha "endelea" na cha "nunua".

Dalili: programu haipatikani dukani, au inasema kifaa hakifai

Kifaa ni cha zamani. Programu zinazotegemea huduma ya Google ya uhalisia ulioongezewa zinahitaji Android 7.0 au zaidi, na hata hivyo kifaa kiwe kwenye orodha waliyoithibitisha. Upande wa Apple, zinahitaji iOS 11 kwenda mbele. Vile vishikwambi vya mpango wa serikali vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 vingi havifiki huko, tena ni mali ya umma: usivitilie programu bila mwalimu mkuu kujua. Na usiitafute kwenye tovuti za kupakua ovyo. Programu ya kupaka rangi iliyotoka vichochoroni inaweza kuja na matangazo ambayo hungependa mtoto ayaone.

Darasa likiwa na kifaa kimoja tu kinachofaa, kiegemeze, kiunganishe na projekta, na kila mtoto alete ukurasa wake mbele kwa zamu. Kwa kweli mimi naupenda mtindo huu kuliko kugawa vifaa. Darasa zima linaona kasa wa kila mmoja, na aliyepaka anasimama kumweleza.

Dalili: hakuna sauti

Kitufe cha pembeni. Kisha kipaza sauti cha Bluetooth cha darasa jirani ambacho kimejiunganisha chenyewe. Nimekuta dinosau wetu akinguruma Gredi ya 5.

Dalili ni mtoto mwenyewe

Wengine huogopa. Joka likitoka karatasini kwa mngurumo, mtoto wa Gredi ya 1 anaweza kulia, na hana kosa. Zima sauti, mwonyeshe karatasi imelala vile vile, mpe yeye kishikwambi aitoe kamera na kuirudisha, ili aone kwamba ndiye anayeamsha. Bibi mmoja alikuja shuleni na swali zito: "Mwalimu, hiki mnachowafundisha wanangu si kiini macho?" Nikamkalisha, nikampa krayoni. Akapaka ua, nikamwonyesha likiinuka, nikaziba mistari kwa kiganja, likapotea. Akasema, "Ahaa, ni kioo tu." Hakuna semina iliyonipa maelezo mafupi kuliko hayo.

Wengine huumwa na kichwa au huona kizunguzungu. Dakika kumi kwa mtoto zinatosha, halafu macho yatazame mbali, minazi au bahari. Kizunguzungu kikirudi kila somo, mzazi aambiwe, mtoto apimwe macho. Mtoto akikakamaa, akitetemeka au akipoteza fahamu mbele ya skrini inayomwekamweka, simama: ondoa kifaa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali hata akiamka mwenyewe.

Na waanguka. Anayezunguka umbo hatazami miguu yake. Ngazini na kwenye paa lisilo na ukuta, hapana.

Chaji na maji

Ekstensheni moja yenye chaja nane, ikiwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, ndiyo niliyoikuta imeyeyuka pembeni. Soketi ikiwa ya moto, ikitoa cheche au harufu ya plastiki, zima swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni. Usichomoe kwa nguvu huku mkono una maji.

Wanaovusha vishikwambi kwa boti kwenda shule za Pate na Manda, vifungeni kwenye mfuko usiopitisha maji, kila kimoja na wake. Kikianguka baharini, kitoe, kizime, usikiwashe kuona kama ni kizima, na usikitie chaji hata kikishakauka kwa nje, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani ndiyo inayokula. Mchele hausaidii, uachieni biriani. Kifungeni kwenye taulo, mkipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, na akiuliza maji gani mwambieni mapema kwamba ni ya bahari, si ya mvua, maana hilo ndilo linaloamua atakiosha kwanza kwa kitu gani.